Ushuhuda Uliotiwa Chumvi

Jina lake la kuzaliwa watu walikwisha kulisahau. Fundi makochi huyu, mtu mfupi mwenye mabega mapana na mdomo usioishiwa maneno, kila mtu alimwita Shahidi, na hata juu ya mlango wa karakana yake mchora vibao alikuwa ameliongeza neno hilo kwa hiari yake mwenyewe, bila kuulizwa wala kulipwa. Si kwamba alikuwa mtu wa kwenda mahakamani. Alikuwa shahidi wa kazi za wenzake.

Kulikuwa na chama cha wafanyabiashara wadogo waliokutana kila Jumatano asubuhi kwenye ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la dawa. Chama chenyewe kilikuwa na shabaha moja tu: kupeana wateja. Kila kazi iliwakilishwa na mtu mmoja. Palikuwa na fundi bomba mmoja, mchapishaji mmoja, mwuza vigae mmoja, na wakala wa bima mmoja ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Walikunywa chai, wakapeana kadi, kila mmoja akajieleza kwa kifupi, kisha ukafika wakati wa ushuhuda. Hapo mwanachama husimama akaeleza jinsi mwenzake alivyomfanyia kazi, ili wengine wapate moyo wa kumpelekea watu.

Wengi walisimama na kusema yale yale. "Namshukuru ndugu yetu fundi bomba, ni mwaminifu, kazi yake safi, msisite kumtumia." Makofi, anakaa, na ikifika mchana hakuna anayekumbuka aliyesifiwa alikuwa nani.

Shahidi hakuwa hivyo. Siku aliyomsemea fundi bomba hakusema kama ni mzuri au mbaya. Alisema, "Bomba la jikoni kwangu lilikuwa linavuja ndani ya ukuta. Walikuja mafundi wengine, kila mmoja anataka kubomoa ukuta mzima. Huyu bwana akaja, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaweka sikio ukutani kama daktari anayesikiliza kifua. Akahama kidogo, akasikiliza tena, akachora duara la chaki, ukubwa wa sahani. Akavunja hapo tu, na maji yalikuwa hapo hapo. Mke wangu akaniambia, mzee, huyu si fundi, huyu ni mwizi aliyetubu."

Ukumbi ulicheka mpaka vikombe vikatikisika, na wiki hiyo fundi bomba alikosa mkono wa kupokelea simu.

Tangu hapo watu wakawa wanamvizia Shahidi kwenye ngazi kabla ya mkutano, huyu anamvutia kiti, yule anamwongezea sukari, kila mmoja akitaka asemewe. Naye alisema. Lakini jambo ambalo ukumbi mzima haukulijua ni kwamba nusu ya kipaji kile haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe.

Wale wawili walifanya kazi pamoja kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Yeye alitengeneza fremu, akafunga springi, akajaza sponji. Mkewe alikata vitambaa na kushona. Mungu hakuwajalia watoto, na huenda ndiyo sababu walizoea kuzungumza wao kwa wao tangu asubuhi hadi jioni bila kuchoshana. Kila Jumanne, kazi ikiisha, Shahidi alisimama katikati ya chumba akiwa na nyundo mkononi, akaujaribu ushuhuda wa kesho yake. Mkewe aliendelea kukata kitambaa bila kuinua kichwa.

"Hapo umetia chumvi," alisema.

"Wapi?"

"Hapo kwenye chai. Hakukataa chai. Alikunywa vikombe viwili, na mkate juu."

"Inapendeza akiwa amekataa."

"Itoe, mzee. Yule mtu atakuwa amekaa mbele yako, anajua alikunywa."

Shahidi alinung'unika, akaitoa, akaanza upya. Alipomaliza kupunguzwa huku na huku, yale maneno yalibaki machache na yenye kukata kama mkasi wenyewe. Kesho yake makofi yalikuwa yake. Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe jinsi walivyopiga, naye mkewe alicheka kimya kimya, akaendelea na pindo.

Mwaka mmoja akajiunga mwanamke kijana, mtaratibu, mwenye sauti ndogo iliyowafanya watu wainame mbele ili wamsikie. Alieleza kwamba kazi yake ni kuwasaidia watu ambao usemi wao umeharibika: watoto wenye kigugumizi, watu waliopata kiharusi, wazee wanaopaliwa wakinywa maji. Mchapishaji akasema, "Yaani unafundisha watu kuongea? Mke wangu mimi ningeomba umpunguzie." Watu wakacheka. Yule dada akatabasamu kwa adabu na kukaa. Wakampa jina la Mwalimu, wakampenda, lakini hakuna aliyempelekea mgonjwa hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyeielewa kazi yake vizuri.

Zamu yake ya kutoa ushuhuda ilipofika, alimsemea mchapishaji sentensi mbili tatu zenye kutetemeka, akakaa huku anajifuta jasho. Shahidi akamfuata kwenye ngazi.

"Mwalimu, umesema kadi zako zimetoka vizuri. Kabla ya hapo ilikuwaje?"

"Sikuwa na kadi kabisa, mzee."

"Anzia hapo. Mtu akikuomba namba ulikuwa unafanyaje?"

"Namwandikia kwenye kipande cha karatasi, kinapotea."

"Sasa huyu bwana alikufanyia nini ambacho mwingine asingefanya?"

Mwalimu akafikiri. "Aliniuliza wagonjwa wangu ni watu gani. Nikamwambia wengi ni wazee. Nilipokwenda kuchukua kadi nikakuta ameongeza ukubwa wa herufi ili wasome bila miwani. Sikumwomba."

"Umeona? Hilo ndilo la kusema. Hayo mengine ya mwaminifu na kazi safi waachie wengine."

Akashukuru. Toka siku hiyo akawa anamwita mzee wangu, na Shahidi akamchukulia kama mtoto wa nyumbani.

Kiharusi kilimkuta mkewe mezani. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, Shahidi amepiga magoti chini ya kochi la mteja, anakaza mikanda. Alisikia mkasi ukienda kwenye kitambaa kama kawaida, halafu akausikia ukienda vibaya; sauti yake ilibadilika, ikawa ya kukwaruza. Akatoa kichwa. Mkasi ulikuwa umeacha mstari wa chaki na kukata kwa upogo hadi katikati ya kitambaa kizima cha mahameli, na mkewe alikuwa anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Alimgeukia mumewe. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Alisema kitu, lakini hakikuwa maneno.

Hospitalini walimlaza, wakamtibu, wakamrudisha nyumbani akivuta mguu wa kulia na mkono umelegea. Uso ulirudi karibu kama zamani. Akili yake, kwa jinsi macho yake yalivyomfuata kila mtu na kuelewa kila kitu, ilikuwa mahali pake. Usemi ndio uliokuwa umekwenda. Katika maneno yote aliyoyatumia maishani lilibaki moja tu, nalo ni "basi".

Na neno hilo, jamani, mzigo wake si mdogo. Mtu husema basi akishiba, husema basi akibembeleza, akikubali, akikata tamaa, akitaka kuanza hadithi na akitaka kuimaliza. Mkewe alilisema kwa yote hayo, na kwa maji, na kwa dirisha, na kwa jina la mumewe. Shahidi alijitahidi kutofautisha. Mara nyingine alipata. Mara nyingi hakupata.

Mdogo wake mkewe, shemeji mtu mwema mwenye mikono mikubwa, alihamia pale kumwogesha na kupika. Alimpenda dada yake sana, ila alizungumza naye kwa kupaza sauti kana kwamba amekuwa kiziwi. "Dada, unataka chai? Chai!" Na mgonjwa aligeuza uso ukutani.

Mwalimu hakungoja kuitwa. Aliposikia habari alikuja na mfuko wake wenye kioo cha mkononi na kadi za picha: kikombe, kiti, mkono, mlango. Alikaa kwenye kigoda, macho yao yakiwa sawa kwa sawa, akampa muda. Siku ya kwanza mgonjwa alizitupa kadi zote chini. Mwalimu aliziokota moja moja, akazipanga, akangoja. Mgonjwa akalia, naye akangoja.

Alipokuwa anaondoka alimwambia Shahidi mlangoni, "Mzee wangu, maneno yamo. Kilichoharibika ni njia ya kuyatolea. Mengine yanaweza kupata njia, mengine yasipate. Inawezekana hayatapata kabisa. Sitakudanganya."

Shahidi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Lakini kati ya yote yale, sikio lake lilikuwa limechukua mawili tu: maneno yamo.

Mwalimu alikuja mara kwa mara. Alimfundisha mgonjwa kuinamisha kidevu anapomeza, na maji yakaacha kumpalia. Alimfundisha shemeji kushusha sauti. Alimfundisha Shahidi kuuliza swali moja kwa wakati, la kujibiwa kwa kichwa. Halafu siku moja alianza kuhesabu kwa mdundo, akimgonga mgonjwa taratibu kwenye mkono wa kushoto: moja, mbili, tatu. Mgonjwa akamtazama mdomo. Mwalimu akaendelea. Na mgonjwa, kwa sauti iliyochakaa lakini yake kabisa, akasema, "Nne. Tano. Sita."

Nyundo ilimponyoka Shahidi. Shemeji alitoka jikoni mbio. Mwalimu peke yake ndiye aliyebaki mtulivu, akaeleza kwamba kuhesabu ni kama wimbo, hutoka wenyewe ukisukumwa. Si sawa na kuongea. Mtu anaweza kuhesabu vizuri na bado asiweze kuomba maji. Alieleza polepole, akarudia. Lakini nani alikuwa anamsikiliza? Shahidi alikuwa ameshika uso wa mkewe kwa mikono yote miwili.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Mwalimu hakuja mkutanoni, alikuwa na mgonjwa hospitalini. Shahidi alikuwa hajasimama tangu mkewe augue, na siku hiyo akasimama. Hakuwa amejaribu kitu jana yake jioni. Angejaribu mbele ya nani?

Alianza vizuri. Alisimulia mkasi ulivyokwenda upogo. Alisimulia kadi zilivyotupwa na kuokotwa. Alisimulia kuhesabu, na hapo akaona nyuso za watu wazima, wauzaji na mafundi, zimemwinamia, fundi bomba macho yamejaa. Akafika mahali ambapo jambo lilipaswa kuishia. Angekuwepo wa kumwambia aishie hapo, angekaa. Hakuwepo. Ulimi ukateleza.

"Na leo asubuhi," alisema, "nikiwa navaa viatu nije huku, ameniangalia, akaniuliza, mzee, umekunywa chai?"

Hilo ndilo swali ambalo mkewe alimwuliza kila asubuhi ya ndoa yao. Alipolitamka pale ukumbini alilisikia kwa sauti ya mkewe hasa, na kwa kitambo kidogo hakujua kwamba anasema uongo. Watu walisimama. Walipiga makofi kwa muda mrefu, na mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu wa machozi, alijipuliza pua.

Aliyemshika mkono wa kwanza alikuwa mwuza vigae, waliyemwita Bwana Vigae, mtu mkubwa mwenye vumbi jeupe daima kwenye nyusi. "Mzee Shahidi, baba yangu ana mwaka sasa haongei. Tulishakata tamaa. Yuko nyumbani kwake mbali huko, na jirani anamtunza. Nikimleta, huyu Mwalimu atamwona?"

Hapo Shahidi angeweza kusema kweli. Alifungua kinywa. Lakini yule bwana alikuwa ameshatoa simu, mkono mmoja unabonyeza, mwingine unafuta macho, na midomo inamchezacheza kama ya mtoto. Shahidi akajisikia anasema, "Mlete."

Bwana Vigae hakuwa mtu wa kufanya mambo nusu nusu. Aliifunga nyumba ya baba yake, akaipangisha, akamshukuru jirani na kumwachisha kazi, akamleta mzee na godoro lake na kiti chake. Ijumaa moja alasiri, bila kupiga hodi ya simu, alisimamisha gari mbele ya karakana akamshusha. Mzee mwembamba, amenyolewa vizuri, shati limefungwa hadi shingoni, mkono wa kulia unaning'inia.

"Nimemleta amwone mama kwanza," alisema Bwana Vigae kwa furaha. "Apate moyo kabla Mwalimu hajaanza. Mama, shikamoo. Hebu mwambie baba chochote."

Mkewe Shahidi alikuwa kwenye kiti chake karibu na meza ya kukatia. Alimtazama mgeni, akamtazama mumewe. "Basi," alisema.

Bwana Vigae akacheka, akingoja. "Ndiyo mama. Mwambie jinsi unavyoendelea."

"Basi," alisema tena, safari hii akimwonyesha mzee pa kukaa. "Basi. Basi."

Shahidi alisimama kati ya kochi na ukuta. Alimwona yule bwana akianza kuelewa. Ilikuja polepole, ikaanzia kwenye midomo. Bwana Vigae hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Ni leo tu amechoka, au?"

"Si leo tu," alisema Shahidi.

"Ile ya chai?"

Shahidi akatazama chini.

Wakati huo wote mkewe alikuwa anauangalia mkono wa yule mzee unavyoning'inia na kuvuta bega. Akachukua mto mdogo aliokuwa ameushona zamani akiwa mzima, akajikokota, akauinua ule mkono kwa mkono wake wa kushoto na kuuegesha juu ya mto. Yule mzee akafumba macho kwa nafuu. Mwanawe aliona, akageuka akaenda kusimama nje kando ya gari, mgongo kwao, mpaka wakati wa kuondoka.

Mwalimu alikuja siku iliyofuata. Hakuketi.

"Mzee wangu, ulisema nini kule?"

Akamweleza yote, pamoja na chai. Mwalimu alimsikiliza kama alivyowasikiliza wagonjwa wake, bila kumkatiza.

"Wameshanipigia watu," alisema alipomaliza. "Mmoja mwanawe hajaongea tangu kuzaliwa. Wote wananiuliza itachukua muda gani. Nikiwaambia sijui, wanasema mbona mke wa Shahidi anaongea."

"Jumatano nitasimama niseme si kweli."

"Ukisema si kweli, watakachosikia ni kwamba nimeshindwa."

"Nisiposema?"

"Usiposema, watakuja na kunikuta nimeshindwa." Akavuta pumzi. "Sijui, mzee wangu. Fanya utakavyoona. Mimi hapo sina la kukushauri." Kisha akavuta kigoda, akamkalia mgonjwa mbele na kufungua mfuko wake, maana siku hiyo ilikuwa zamu yake, na kazi ni kazi.

Jumanne jioni Shahidi alisimama katikati ya chumba kama zamani. Mkewe alikuwa kwenye kiti chake. Alimsimulia yale atakayoyasema, tangu mwanzo hadi mwisho, akimwangalia usoni. Alipofika kwenye sehemu ya kadi, mkewe akasema, "Basi." Akasimama. Ilikuwa basi endelea, au basi acha hapo? "Niitoe hii?" aliuliza, swali moja kwa wakati kama alivyofundishwa. Mkewe alitikisa kichwa, halafu akatikisa tena kwa namna nyingine, akapiga mkono wa kiti kwa kukereka. Kulikuwa na kitu alichotaka kukisema juu ya maneno yale, kilikuwa pale pale nyuma ya meno. Shahidi aliuliza hivi, akauliza vile. Mwishowe mkewe alishusha mabega. Ushuhuda ukabaki kama ulivyo.

Asubuhi akausema. "Nilisimama hapa nikasema mke wangu anaongea. Haongei. Ana neno moja. Mwalimu hakuniahidi lolote. Aliniambia wazi kwamba huenda asiongee kabisa, mimi ndiye niliyeongeza. Alichofanya ni hiki. Mke wangu alikuwa anapaliwa na maji, sasa hapaliwi. Shemeji yangu alikuwa anampigia kelele, sasa anamsemesha kama dada yake. Mimi nilikuwa namwuliza maswali matano kwa mpigo, nikimchanganya, na nikadhani yeye ndiye hajui. Siku mke wangu alipotupa kadi, huyu dada aliziokota akangoja. Sijawahi kuona mtu anayejua kungoja namna ile. Anayetaka mgonjwa wake arudi kama zamani, sina la kumwambia. Sijui mtu anayeweza hilo."

Akakaa. Pengine ulikuwa ushuhuda bora kuliko wote aliowahi kuutoa; hakuwepo wa kumwambia. Makofi yalianza upande mmoja yakafa njiani. Bwana Vigae alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Mwenyekiti alitazama saa, akasema, "Ahsante, Mzee Shahidi. Tumwombee mama," akamwita anayefuata, ambaye alimsifu mpiga rangi kwamba ni mwaminifu na kazi yake safi.

Mchapishaji akamnong'oneza, "Ungesema tu amepata nafuu. Ungepungukiwa na nini?"

Mwalimu alikuwepo. Alikutana naye kwenye ngazi, pale pale walipozoea kusimama.

"Umesema vizuri, mzee wangu."

"Kuna aliyekuomba kadi?"

"Hapana."

Wakashuka pamoja hadi barabarani, wakaagana.

Mwalimu aliendelea kumtibu mkewe Shahidi, akaanza na baba yake Bwana Vigae vilevile, kwa kuwa mzee alikwisha kuletwa. Baada ya miezi kadhaa yule mzee aliacha kukohoa wakati wa kula. Mwalimu aliona hilo ni jambo kubwa. Mwanawe alishukuru kwa adabu. Yeye alikuwa anangoja kusikia jina lake likitajwa na baba yake. Mwisho wa mwaka Mwalimu alipata kazi kwenye hospitali ya mji mwingine, akaja kuaga, akakaa na mgonjwa wake muda mrefu wameshikana mikono. Kiti chake kwenye chama alipewa mpiga picha.

Shahidi alikwenda siku moja dukani kwa Bwana Vigae. Alitaka kujua kama angeweza kusaidia kumrudisha mzee kwake, kwenye nyumba yake aliyoizoea.

"Nyumba ina wapangaji," alisema Bwana Vigae bila hasira. "Na yule jirani ameshapata kazi kwingine. Nani atamtunza? Ni wa hapa sasa." Akamsukumia kiti. "Kaa, mzee. Mama hajambo?"

Hakumlaumu siku hiyo wala siku nyingine. Walipokutana Jumatano alimsalimu kama zamani, akampisha kwenye ngazi. Shahidi angeweza kuvumilia kulaumiwa. Adabu ile ndiyo iliyomshinda. Nyuma ya duka aliona mlango umeachwa wazi, na ndani yake mzee ameketi kwenye kiti chake akitazama maboksi ya vigae yaliyopangwa hadi darini.

Kwenye chama aliendelea kwenda, ila hakuna tena aliyemvizia kwenye ngazi. Bado walimwita Shahidi, maana jina likishamkaa mtu halitoki, na wanachama wapya walidhani ni jina la baba yake.

Siku moja shemeji ametoka kununua mboga, mkewe alimwita. "Basi," alisema, akinyoosha mkono wa kushoto kuelekea rafuni. Shahidi aliacha kochi alilokuwa analijaza sponji, akaja. Maji? Kichwa kikakataa. Mkasi? Hapana. Akashusha vitambaa kimoja kimoja, cha bluu, cha maua, cha mistari, akamwonyesha. Hapana. Dirisha? Redio? Unaumwa? Hapana, hapana. Akamletea kopo la vifungo, akamletea miwani, akamletea picha yao ya harusi iliyokuwa imegeuzwa nyuma ya chaki. Mkewe aliishika ile picha, akaitazama, akaiweka mapajani kwa upole, halafu akanyoosha mkono tena pale pale. "Basi."

"Sijui, bibie," alisema. "Nisamehe. Sijui."

Shemeji aliporudi naye alijaribu, akiuliza kwa sauti ya chini kama alivyofundishwa, akagusa kila kitu kilichokuwa rafuni hadi ukuta wenyewe. Wakakosa. Mwishowe mgonjwa alishusha mkono, akawaangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayewatazama watu waliobaki ng'ambo. Kisha akaanza kulainisha kwa kiganja kitambaa kilichokuwa karibu naye mezani, kutoka katikati kwenda pembeni, kama anavyofanya fundi kabla ya kukata.

Alichokitaka siku ile hawajakijua mpaka leo. Shemeji alikwenda kuosha mboga. Shahidi akarudisha vitambaa rafuni, akasimama kidogo mbele yake akivitazama tena, halafu akapiga magoti kwenye lile kochi lililokuwa wazi, maana mwenye kochi alikuwa amesema atalifuata jioni.